Soksi Zisizonuka

Gathii alipokuwa kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni nje ya Kitale, wenzake walivirusha viatu vyake dirishani kwa sababu ya harufu. Alikuwa na jozi moja tu ya soksi. Alizifua Jumamosi, akazivaa mbichi Jumapili, na ikifika Jumatano bweni zima lilijua kwamba yumo ndani. Asubuhi hiyo alitoka pekupeku kwenye umande kuokota viatu vyake, madirisha yote yamejaa vichwa vinavyocheka. Tangu hapo hakuweza kuketi na watu bila kwanza kuficha miguu chini ya kiti.

Labda ndiyo sababu alipokua hakuuza mashati wala suruali kama wachuuzi wenzake wa mitumba katika soko la Kitale. Aliuza soksi. Wazazi wake, waliohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kabla hajazaliwa, walitaka alime mahindi kama wao, lakini yeye aliona raha kufungua beli, kuchambua, kulinganisha jozi, na kuzifua mpaka zirudi kama mpya. Mteja akizipeleka puani, Gathii alimtazama uso kama mwanafunzi anayesubiri alama zake.

Alimwoa Roselyne, mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Misikhu kule Bungoma. Wakajaliwa binti wakamwita Ciru, jina la mama yake Gathii. Kwa wakwe alipokelewa vizuri. Baba mkwe, Mzee Mukhisa, karani wa serikali aliyestaafu, alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Mama mkwe, Phelista, hakuwahi kumpa mkono. Haikuwa chuki. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawatazamani usoni, hawali meza moja. Ndiyo heshima yenyewe. Gathii akifika, Phelista alipitia mlango wa jikoni, na salamu zao zilisafiri kwa mdomo wa Roselyne.

"Mwambie mkwe namsalimia sana," sauti ilitoka jikoni.

"Mwambie Mama nimepokea, na yeye nimemsalimia," Gathii alijibu kutoka sebuleni, ingawa ukuta ulikuwa mwembamba na kila mtu alisikia kila kitu.

Kwa hiyo Gathii alimjua mama huyo kwa mapishi yake, na kwa vidimbwi vyake. Vilikuwa viwili, chini ya boma, vikilishwa na mfereji uliotoka kwenye kijito. Kimoja cha tilapia, kingine cha kambare, na ukingoni mabata wakitafuta konokono. Phelista alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji samaki, na watu walitoka hata Sirisia kuja kuona jinsi alivyotumia samadi kuyafanya maji yawe ya kijani kibichi.

"Maji meupe ni njaa," aliwaambia. "Samaki anataka supu."

Dawa ya kufanya soksi zisinuke Gathii aliipata kwenye maonyesho ya biashara, kutoka kwa muuzaji mmoja wa kemikali aliyepanga mitungi yake juu ya meza na kuweka pembeni soksi moja ndani ya chupa ya kioo.

"Hii soksi imevaliwa wiki mzima na mtu wa boda boda," muuzaji alisema, akafungua chupa. "Nusa, bro."

Gathii akanusa. Hakusikia kitu.

"Ni fedha. Fedha kabisa, ile ya pete. Lakini imesagwa ikawa ndogo kushinda vumbi, wanaita nano. Inashika kwa uzi. Bakteria akikuja, anakufa. Sasa bakteria akifa, harufu itatoka wapi?"

Mtungini mlikuwa na maji yaliyofanana na chai ya rangi iliyolala. Ubavuni palibandikwa mchoro wa samaki aliyelala chali kando ya mti usio na jani hata moja. Gathii akauliza maana yake.

"Hiyo ni sheria tu, kila kemikali lazima iwekwe hiyo. Hii ukishachanganya, iko karibu kuwa maji."

Gathii akaridhika, kwa sababu alitaka kuridhika.

Soksi zake zikavuma. Wazazi wenye watoto shule za bweni walizitafuta kwa jina: zile hazinuki. Wenye maduka ya sare za shule wakaja wenyewe. Kazi ikazidi ua wa nyumba aliyopanga Kitale. Maji ya mgao hayakutosha, na mwenye nyumba alilalamika kwamba mtaro unageuka rangi. Mzee Mukhisa aliposikia, alishangaa kwamba mkwe wake anahangaika hivyo.

"Si ukuje ufulie hapa? Maji iko. Huku mto haina mgao bana."

Akampa kibanda cha mabati kilichokuwa cha ng'ombe, kando ya kijito, juu kidogo ya mahali ambapo mfereji wa vidimbwi ulianzia. Gathii akamshukuru kwa furushi la soksi nyeusi za sufu. Mzee alizivaa siku hiyo hiyo, na malapa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Soksi zilifuliwa kwa sabuni, zikalowekwa kwenye pipa la dawa, kisha zikasuuzwa, kwa kuwa zisiposuuzwa ziliacha doa. Akina mama wawili wa kijijini walifanya kazi hiyo, Gathii akija kila mwisho wa wiki kuchukua mzigo. Maji ya kusuuza yalipita katika mtaro, yakavuka nyasi za nepia, yakaingia kijitoni. Yalikuwa na umanjano hafifu ambao ulipotea ukishafika kwenye maji mengi. Mitungi ya dawa Gathii aliipanga mwenyewe, kila mmoja na mchoro wake umeelekea ukutani. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa kizuri kwa macho. Maji ya kidimbwi yakaanza kung'aa, mpaka ukaona tope chini. Wageni walisifu. Phelista hakusifu. Aliongeza samadi, na ukijani haukurudi. Vile vidudu vidogo vinavyorukaruka juu ya maji asubuhi vikapungua, kisha viluwiluwi, na tilapia wakawa na vichwa vikubwa na miili myembamba kama vijiko. Baadaye wakaanza kuja juu kupiga mdomo hewani, wachache wakielea.

Ng'ambo ya kijito palikuwa na shamba la nyanya la Wepukhulu, mtu mpole mwenye sauti ndogo, aliyejulikana zaidi kwa pampu yake ya kunyunyizia dawa, ambayo aliibeba mgongoni asubuhi hata siku ambazo hakuwa na kazi nayo. Macho yote yakamgeukia. Kikundi kikakutana uani kwa Mukhisa, akaitwa.

"Mimi nanyunyizia siku haina upepo," Wepukhulu alisema. "Na pampu naosha huko juu shambani, si kwa mto. Muurize mtu yeyote."

"Sasa samaki wanakufa na nini?" mtu akamkata. "Na maombi?"

Mzee Mukhisa akamgeukia Gathii, aliyekuwa amekuja kuchukua mzigo wake. "Mkwe wangu, wewe ni mtu wa madawa. Unasemaje?"

Gathii aliangalia upande wa kibanda. Alikuwa amekiwaza kitu fulani kwa wiki kadhaa, na kila kilipomjia alikisukuma pembeni.

"Dawa ya nyanya ni kali, Mzee," alisema. "Inaua wadudu. Na hivyo vya kwa maji ni wadudu pia."

Kila neno lilikuwa la kweli, na maneno yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ikaamuliwa Wepukhulu asinyunyize chochote mpaka jambo lijulikane, na naibu wa chifu akalitilia nguvu. Kisha mvua ikanyesha mfululizo, majani ya nyanya yakaungua kwa ugonjwa, na matunda yakaoza meusi yakiwa bado kwenye mashina. Shuleni watoto wakatunga wimbo kuhusu muuaji wa samaki. Gathii aliusikia mwenyewe akipita barabarani na mzigo wake. Alipandisha sauti ya redio ya simu yake.

Phelista ndiye aliyempigia simu Chepchumba. Huyu alikuwa mtafiti kijana wa mambo ya samaki, mzaliwa wa upande wa Suam, aliyewahi kuja kukifundisha kikundi. Alifika na sanduku la barafu, akachota maji kwenye chupa ndogo, na baada ya siku nyingi akapiga simu: katika maji hapakuonekana dawa ya nyanya wala kingine cha kutisha katika vile alivyopima.

Gathii alikuwepo simu hiyo ilipoingia, na kifua chake kikafunguka kama mtu aliyetuliwa gunia. Akawaambia akina mama wa kibandani, akamwambia Mzee, akamwambia hata mwenye duka pale njia panda: "Maji ni safi, madam amepima." Watu wakasema basi sumu ya Wepukhulu ilishapita na mto. Gathii akawasikia wakisema hivyo. Hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuuficha ukweli.

Lakini Chepchumba alikuwa amepasua samaki mmoja siku ile na hakupenda rangi ya mashavu yake ya kupumulia. Akarudi. Safari hii alichota tope, akaokota konokono, akatoa samaki wadogo na wakubwa, akakwangua utelezi wa kijani kwenye mawe. Akaondoka nao wote, na ikapita sehemu kubwa ya likizo ya Agosti bila neno.

Likizo hiyo Ciru alikuwa kwa nyanya yake, Phelista. Gathii na Roselyne walikuja Misikhu siku moja ya Jumamosi kumchukua, wakakuta viti vya plastiki vimepangwa uani. Kikundi kizima kilikuwepo, na Wepukhulu ameitwa pia, ameketi peke yake mwisho wa mstari. Chepchumba alisimama mbele. Phelista alikuwa mlangoni mwa jikoni, upande, ili asitazamane na mkwe wake.

"Kwanza, sikupata dawa ya nyanya," Chepchumba alisema. "Si kwa maji, si kwa tope, si kwa samaki. Nikaomba watu wa maabara wanitafutie madini. Tumepata fedha."

Kicheko kikalipuka.

"Pesa ndani ya samaki!" Mzee Mukhisa akapiga paja. "Mama Roselyne, kumbe tunafuga benki!"

Hata Wepukhulu akatabasamu. Gathii hakucheka.

"Si pesa, Mzee," Chepchumba alisema, naye akicheka kidogo. "Fedha ile madini, ya pete na mikufu. Imekatwa vidogo sana. Hizo chembe ukizipanga elfu moja kwa mstari, hazifiki unene wa unywele. Hazichujwi na kitambaa."

"Na si ulisema maji iko sawa?" akauliza mama mmoja wa kikundi.

"Mara ya kwanza sikuitafuta. Na hata ningeitafuta kwa maji peke yake, ningeona kidogo tu. Haikai sana ikielea. Inashikamana na tope, na ule ukijani. Vidudu vinakula ukijani. Konokono anakwaruza tope. Samaki mdogo anakula vidudu, kambare anakula samaki mdogo. Kila mmoja anabeba kitu kutoka kwa yule amemla. Maji ni njia tu. Mwili ndio nyumba."

"Kwa hivyo kambare ndiye ako nayo mingi?"

"Hapana, na mimi pia nilidhani hivyo. Hapa wale wamejaza ni konokono na samaki wadogo. Samaki mkubwa, nyama yake iko na kidogo sana. Ukiipata, ni kwa ini na matumbo."

"Matumbo sisi tunatoa," sauti ya Phelista ilisema kutoka mlangoni. Kisha ikashuka. "Wakubwa."

Hakuna aliyehitaji kumalizia. Wale wadogo, tilapia wa ukubwa wa kidole wanaozaana kupita kiasi na kutolewa ili wenzao wapate nafasi, hawapasuliwi. Hukaangwa wazima, na chumvi. Likizo nzima Ciru alikuwa amewatafuna kama njugu, na nyanya yake akamwongezea, kwa kuwa mtoto wa Kitale amekonda.

Roselyne alisimama. "Mtoto akikula, ni sumu?"

Chepchumba alimgeukia Roselyne. "Sitakudanganya, dada. Kwa kiasi nimeona, sidhani atakuwa mgonjwa. Lakini mtu akila kila mara, miaka, inafanya nini? Hakuna mtu amepima vizuri. Sijui. Acheni kuwala."

Gathii angestahimili tusi. Lile "sijui" lilimwingia mahali ambapo hapakuwa na jibu la kulipokea. Alimtazama binti yake akicheza na kifuniko cha sufuria kando ya ukuta, akaona aibu hata kumtazama.

"Sasa mnisaidie," Chepchumba aliendelea. "Huku juu kuna mtu anafanya kazi na fedha? Sonara? Mtu wa kuosha picha za zamani? Ama wale wanatia nguo dawa isinuke?"

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Mukhisa, aliyekaa mbele kabisa, aliitazama miguu yake, soksi nyeusi ndani ya malapa. Kisha polepole, kama asiyetaka kuonekana, akairudisha miguu yote miwili chini ya kiti.

Gathii aliijua harakati hiyo. Aliijua tangu utotoni, katika mwili wake mwenyewe. Kumwona mzee huyu, ambaye hakuwa amekosa lolote isipokuwa kumkaribisha, akificha miguu nyumbani kwake mbele ya majirani zake, kulimwinua kabla hajaamua kuinuka.

"Ni mimi," alisema. "Ni dawa yangu ya soksi. Maji ya kusuuza yanaenda kwa mto."

"Ulijua ni mbaya?" Chepchumba aliuliza, bila ukali.

"Kwa mtungi kuna picha ya samaki amekufa. Niliiona siku ya kwanza. Nikaigeuza ikaangalia ukuta."

Wepukhulu alikuwa amesimama. Sauti yake ilibaki ndogo ile ile.

"Siku ile Mzee alikuuriza. Ukasema ni dawa ya nyanya. Urikuwa unajua ni wewe?"

"Sikuwa na hakika."

"Sikuurizi hakika."

"Nilishuku," Gathii alisema. "Nilishuku, nikanyamaza."

Wepukhulu akakibeba kiti alichokalia, akakirudisha barazani kilikotoka, akakiweka vizuri ukutani, na akaondoka kupitia nyuma ya zizi.

Jioni hiyo kibanda kilifungwa. Mitungi iliyobaki Chepchumba alishauri ifungwe na kuhifadhiwa mpaka apate mahali panapopokea kemikali; isimwagwe popote, hata chooni. Lakini mitungi haikuwa mwisho wa jambo. Roselyne ndiye aliyesema, wakiwa wawili tu uani: "Na zile umeshauza?" Gathii hakuwa amefika huko. Sasa akafika. Aliona mabweni ya Kitale, Kimilili, Webuye, mamia ya watoto wakifua soksi zake kila Jumamosi, na mifereji ya shule zote hizo ikielekea kwenye vijito ambavyo hakuvijua majina. Aliwapigia wenye maduka kuwaambia wamrudishie mzigo. Wengine walirudisha. Mmoja alimcheka: "Wewe Gathii, ati samaki wamelalamika?" Shuleni hakujua hata aanze na nani. Alizungumza na wakuu wawili watatu wa shule, akaona kwa nyuso zao kwamba wanadhani kuna mshindani anayemsumbua.

Vidimbwi vilikaushwa. Samaki walizikwa katika shimo refu juu kilimani, mbali na maji. Tope lilichotwa, Chepchumba akionya lisiende kwenye mboga, na kazi ya kulichota Gathii hakumwachia mtu. Alirudi kila mwisho wa wiki, akavaa gambuti, akashuka na beleshi. Wanakikundi waliopita njiani walisimama, wakatazama, wakaendelea. Zamani wangemtania. Wakati mwingine Phelista alikuja ukingoni akasimama akiwa amegeukia upande wa nepia, kama ilivyo desturi, na Gathii akainamisha kichwa, kama ilivyo desturi. Ndipo akagundua ubaya wa mahali alipo. Macho ya chini ya mwenye heshima na macho ya chini ya mwenye hatia hayana tofauti. Angeweza kuishi hivyo mpaka uzeeni, amejifunika adabu, na mama huyo asijue kamwe ni ipi kati ya hizo mbili.

Jumapili moja mchana, akiwa sebuleni na tope kwenye kucha, alimwita Roselyne.

"Mwambie Mama naomba msamaha."

Roselyne alikuwa ameshika beseni la vyombo. Aliliweka sakafuni.

"Hii sibebi, Baba Ciru. Nimebeba zako miaka yote. Mwambie mwenyewe."

"Na desturi?"

"Ukuta uko hapo. Ongea na ukuta."

Akatoka nje. Gathii akabaki na ule ukuta. Upande wa pili alisikia mwiko ukisimama ndani ya sufuria.

"Mama," alisema, na sauti yake ikatoka ya kitoto. "Samaki wako, ni mimi niliwaua. Ulinipa maji, mimi nikaweka uchafu ndani. Mtu akasingiziwa, nikakaa kimya. Na mtoto... Ciru alikula kwa sahani yako, ukidhani unampa chakula. Hiyo pia ni mimi. Si wewe."

Alisikia mtu akipenga kamasi.

"Hiyo ya mtoto ndiyo inanitoa usingizi," Phelista alisema hatimaye. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila kupitia kwa mtu mwingine. "Mimi ndiye nilikuwa nakaanga."

"Ni mimi, Mama."

"Nimesikia." Kisha: "Na wale mabata usisahau. Wamekula konokono hapo chini kutoka mwanzo. Usiache mtu awachinje akule."

Mwiko ukaendelea kusonga. Gathii akakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akilia bila sauti, kwa sababu hakuwa amesamehewa wala hakuwa amefukuzwa.

Kwa Wepukhulu alikwenda mara tatu ndipo akamkuta. Shamba lilikuwa limelimwa upya, mashina ya zamani yamechomwa. Gathii alitaka kumlipa hasara. Wepukhulu alisema watazungumza hayo mbele ya naibu wa chifu, palepale walipomkataza kunyunyiza. Gathii alitaka kumsaidia kusimika miti ya kuegemeza nyanya. Wepukhulu alisema ana mikono.

"Nimekuja kuomba msamaha, mzee."

"Mimi msamaha sina shida nao, ni kitu nasema kanisani kila Jumapiri. Rakini watoto waliimba jina langu njiani. Bibi yangu alitoka kwa foleni ya kusagisha posho akalia. Hao watu wote utawafikia?"

Gathii hakuweza kuwafikia wote. Alikwenda Jumapili kanisani kwa akina Wepukhulu, akaomba nafasi wakati wa matangazo, akasimama mbele na kusema alichofanya, mwanzo hadi mwisho, bila kuweka mahali pa kujitetea. Alipotaja soksi, watu wengi waliinama kutazama viatu vyao, na kijana mmoja nyuma akashindwa kuzuia kicheko. Mzee Mukhisa alikuwa amekuja naye, amekaa benchi la mbele. Wakitoka, mzee alimshika bega, akatafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakulipata.

Mwaka ukageuka. Gathii alirudi kuuza soksi za kawaida Kitale, ambazo hunuka kama miguu ya watu. Ciru alipelekwa hospitali, akaonekana mzima. Daktari alisikiliza kisa chote, akasema mtoto hana dalili yoyote, na kwamba hajui amtafutie nini. Gathii akajifunza kuishi na hilo. Baadhi ya siku alimtazama binti yake akila, akaacha chakula chake.

Baada ya mvua ndefu Chepchumba alirudi Misikhu kuchukua tope jipya, kwa kuwa Phelista alitaka kujua kama anaweza kupanda samaki tena. Gathii alikuwa amepiga magoti ukingoni, akimshikia chupa. Katika konokono wa mara iliyopita fedha ile ilikuwa bado imo, ingawa kidogo.

"Itaisha lini?" aliuliza.

"Sijui. Tope halisahau haraka. Tutapima tena."

Wepukhulu aliteremka kwenye kijia na ndoo mbili, akaja kuchota maji ya kunyunyizia. Alisimama akamwuliza Chepchumba kama maji haya yatafaa kwa nyanya, na yeye akamweleza ayachote upande wa juu wa kile kibanda. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama Gathii, aliyekuwa amejaa tope mpaka viwikoni.

"Mulembe," alisema: amani, salamu ya Kibukusu ambayo hakuwa amempa tangu siku ile ya viti uani.

"Mulembe, mzee," Gathii alijibu, akainuka na kusogea kando ili apite.